Watazame Watu Wazima: Namna ya Kusoma Kumbukumbu za Utoto wa Mateso

Mwaka 1969 Maya Angelou alitoa kitabu chake cha kwanza cha maisha yake, I Know Why the Caged Bird Sings, na tangu hapo wengi wamekijua kwa jambo moja tu: ndicho kitabu cha mtoto wa miaka minane aliyebakwa na mwanamume wa mama yake. Ukikifungua kwa kulitafuta jambo hilo, utakuta limechukua kurasa chache. Kurasa nyingine zina duka la bibi yake katika mji mdogo wa Stamps, jimbo la Arkansas, nchini Marekani. Zina wachuma pamba wanaoingia dukani alfajiri wakitania na kurudi jioni hawajiwezi kwa uchovu, ibada za kanisani, ubaguzi wa Wazungu, na kaka yake Bailey, aliyempenda kuliko mtu yeyote. Anayezikimbilia zile kurasa chache na kuziacha nyingine amesoma habari za mhalifu. Habari za mtoto hajazisoma.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kusoma vitabu vya aina hii, au umeshaazimwa kimoja na hujui pa kukishikia. Vingi vimeandikwa kwa Kiingereza na kwetu vinapita mkono kwa mkono, kwenye simu, katika maktaba za vyuo na kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba. Nina ushauri mmoja mkubwa, na mengine yote yanatoka humo: unaposoma, watazame watu wazima waliokuwa karibu na mtoto. Nani aliona? Nani alisikia akanyamaza? Nani aligeuza uso, na nani alisogea? Hapo ndipo kitabu kitakapokuwa na kazi na wewe, maana wewe nawe ni mtu mzima aliye karibu na mtoto fulani.

Kabla hujafungua

Jiulize unakisoma kwa nini. Jibu ndilo litakaloamua uanze na kipi, usome saa ngapi, na nani ajue kwamba unakisoma.

Kama wewe mwenyewe uliteswa utotoni, hakuna anayekudai ufike ukurasa wa mwisho. Wapo manusura ambao kitabu cha namna hii kiliwaonyesha kwa mara ya kwanza jambo lao likiwa limeandikwa na mtu mwingine, wakapata nafuu. Wapo waliokifungua usingizi ukakata. Huwezi kujua utaangukia upande gani mpaka uanze, kwa hiyo anza kwa tahadhari. Usichague kwanza kitabu kinachofanana mno na maisha yako. Kama aliyekuumiza ni ndugu wa karibu aliyekuingilia usiku, anza na habari za mtoto aliyetelekezwa na wazazi, uzoee kukaa ndani ya nyumba ya mtu mwingine kabla hujaingia katika nyumba inayofanana na yenu. Muulize aliyekwisha kukisoma ni sura ipi ina nini. Soma kurasa za mwisho kwanza ukitaka. Katika hadithi ya upelelezi ungejinyima utamu, lakini hapa ni haki yako kujua mapema kwamba mtoto alitoka.

Soma mchana, mahali penye watu au sauti za watu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba unasoma kitabu kigumu, hata kama humwambii sababu. Na usikilize mwili, maana mara nyingi hutangulia kujua: pumzi zinakuwa fupi, viganja vinapoa, mstari mmoja unausoma mara tatu hauingii, au unajiona kama unajitazama kutoka mbali. Likitokea mojawapo, funga kitabu. Kanyaga sakafu kwa miguu mitupu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani, nawa uso kwa maji baridi, toka nje uonane na watu. Kurasa zilizobaki zitakusubiri, na kama hutazirudia kamwe hujamkosea mwandishi. Hali hiyo ikikuandama siku kadhaa, tafuta mtaalamu wa ushauri nasaha. Hospitali nyingi za rufaa zina kitengo cha afya ya akili, na kwenda huko ni sawa na kwenda kutibiwa mguu uliovunjika.

Kama hukuteswa, hatari yako ni nyingine. Utavutwa na udadisi, kisha na huruma, na vyote viwili vinaweza kukufanya uyaone maumivu usimwone mtu. Dawa ninayoijua ni kusoma polepole zile kurasa ambazo hakuna kinachotokea: watoto wanacheza, bibi anapanga bidhaa, mtu anapika. Humo mwandishi anakuambia yeye ni nani, na ni nini ambacho mtesaji alitaka kukichukua.

Uanze na kipi

Miaka ya 2000 kumbukumbu hizi zilinunuliwa sana Uingereza hata maduka makubwa ya vitabu yakazitengea rafu zake. Majalada yalikaribia kufanana: rangi nyeupe, mtoto mmoja mwenye macho makubwa ya huzuni. Baadhi ya vitabu hivyo ni vya kweli na vina thamani. Vingine viliandikwa kwa haraka kwa ajili ya rafu ile. Utavitambua kwa sababu vinahesabu mapigo sura baada ya sura, mtesaji hana historia wala uso, mtoto hana rafiki, mchezo wala wimbo anaoupenda, na mwisho ushindi unakuja ghafla ndani ya kurasa tatu. Kitabu kizuri humpa mtoto maisha kamili, kisha kinakuonyesha maisha hayo yakiingiliwa.

Ushauri wangu ni uanze na The Glass Castle cha Jeannette Walls, kilichotoka mwaka 2005. Mateso yake ni njaa, baridi na kutelekezwa na wazazi wenye akili nyingi na upendo wa ajabu, baba mlevi na mama mchoraji, na mwandishi anawaeleza wote wawili bila kuwalaani. Au anza na Born a Crime cha Trevor Noah, cha mwaka 2016, ambacho wasomaji wengi wa Afrika Mashariki tayari wanakijua kwa vichekesho vyake. Angelou awe wa pili. Educated cha Tara Westover, cha mwaka 2018, kifuate, kwa sababu kina somo kubwa kuhusu familia inayokataa kuamini. Dave Pelzer, mwandishi wa A Child Called "It" cha mwaka 1995, awe wa mwisho, na manusura wa kipigo anaweza kumruka kabisa. Mama yake alimnyima chakula, alimchoma na kumlaza gerejini, na kitabu kinayaeleza hayo karibu bila kukupa nafasi ya kupumua.

Macho yako kwa wakubwa

Hata hivyo, kitabu cha Pelzer kinafungua kwa sura ninayotamani kila mwalimu aisome. Ni Machi 1973, mjini Daly City, California. Mvulana wa miaka kumi na miwili amefika shuleni na alama nyingine mpya mwilini, na safari hii muuguzi wa shule, walimu na mkuu wa shule wanaamua kuita polisi. Walishaona alama nyingi kabla ya hapo. Muuguzi alikuwa anaziandika. Soma sura hiyo kwa kalamu mkononi na uandike kila mtu mzima alifanya nini, kwa utaratibu gani, na alihatarisha nini. Wameambizana, wameandika, wamepiga simu. Hakuna aliyefanya jambo la kishujaa kupita uwezo wa binadamu wa kawaida. Kisha jiulize shule iliyo karibu na kwako ina nani wa kuandika.

Rudi sasa kwa Angelou na daftari lako. Baada ya kubakwa, mtoto anaugua, na Bailey, mtoto mwenzake, ndiye anayemfanya ataje jina. Mahakamani anaulizwa kama mtu yule aliwahi kumgusa kabla ya siku ile. Anaogopa kwamba ukweli wote utamtia yeye aibu, anasema hapana. Mtu yule anahukumiwa mwaka mmoja na siku moja, lakini anaachiwa siku ileile, na muda mfupi baadaye anakutwa ameuawa. Mtoto anaamua kwamba sauti yake imeua mtu, ananyamaza karibu miaka mitano. Watazame wakubwa hapo. Mwanzoni wanamvumilia, kisha wanaanza kumwona ana jeuri, na kimya chake kinamletea adhabu. Hawakuwa watu wabaya. Walimpenda, ila walidhani muda wa kuugua umekwisha kwa sababu daktari alisema amepona.

Halafu anaingia Bi. Bertha Flowers wa Stamps, mwanamke mstaarabu ambaye mtoto anamtazama kwa mshangao. Anamwalika nyumbani kwake, anampa biskuti alizooka na maji ya limau, anamsomea kitabu kwa sauti, kisha anamwazima vitabu na kumtaka akariri shairi moja siku atakaporudi. Hamhoji. Hamlazimishi aeleze. Anampa kazi ambayo haiwezi kufanyika bila sauti, na anamngoja. Ukitaka kujua mtu wa kawaida afanye nini kwa mtoto aliyenyamaza, soma kurasa hizo mara mbili na uangalie ni mambo mangapi Bi. Flowers ameyaacha bila kuyasema.

Kwa Walls kuna tukio linalowakera wasomaji wengi, nami nadhani ndilo lenye ukweli mkubwa kuliko yote katika kitabu kile. Familia inaishi Welch, mji wa machimbo ya makaa ya mawe huko West Virginia, paa linavuja na watoto hawana chakula. Siku moja afisa wa ustawi wa watoto anabisha hodi. Jeannette, ambaye amewahi kuokota mabaki ya chakula kwenye mapipa ya taka ya shule, anamfukuza kwa maneno makali. Msomaji anataka kupiga kelele: mwambie! Lakini mtoto anajua kitu ambacho wewe umekisahau, kwamba afisa huyu anaweza kuwatawanya watoto wote wanne wa nyumba hiyo kila mmoja na njia yake. Mtoto huwatetea wanaomtesa kwa sababu hao ndio nyumba yake. Ukielewa hilo kitabuni, siku moja hutamwambia mtu mzima aliyeteswa, "Kwa nini hukusema wakati ule?"

Katika Desert Flower cha mwaka 1998, Waris Dirie, msichana wa familia ya wafugaji wa Somalia, anakeketwa akiwa na umri wa miaka mitano hivi, na mama yake ndiye anayemshika. Miaka kadhaa baadaye baba anataka kumwoza kwa mzee. Mama yuleyule anamwamsha kabla ya mapambazuko ili atoroke. Usikimbilie kuamua kama mama huyo ni mwema au mbaya. Kaa na mikono ile miwili. Kwa msomaji wa Mara, Manyara, Narok au Garissa, ambako watu wanazijua nyumba za namna hii, sidhani kama kuna ukurasa wenye manufaa zaidi.

Na Trevor Noah, baada ya kukuchekesha kurasa nyingi, anakupeleka kituo cha polisi. Mama yake, Patricia, amepigwa na mumewe, baba wa kambo wa Trevor, na amekwenda kushtaki. Polisi wanamtuliza, wanamwuliza kama kweli anataka kumfungulia mumewe kesi, wanazungumza na mwanamume kama rafiki yao. Malalamiko yake hayaandikwi. Mwaka 2009 mwanamume huyo alimpiga risasi kichwani. Patricia alipona kwa namna iliyowashangaza madaktari, na aliyempiga hakukaa jela hata siku moja. Vichekesho vya mwanzo vilikufanya uipende familia hii, ndiyo maana mwisho unakuuma hivyo. Rudi nyuma uhesabu watu wazima waliolijua jambo hili kabla ya risasi, wa ndani na wa nje ya nyumba.

Sisi tuliochapwa

Hapa kuna ugumu ambao msomaji wa kwetu hawezi kuukwepa. Unasoma kuhusu mkanda, fimbo, mtoto kufungiwa nje usiku, na sauti ndani yako inasema: mbona hata sisi tulichapwa, na tumekuwa watu? Sauti hiyo isikilize, usiitii haraka. Utafiti wa taifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18, na kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono. Kwa hiyo chumba chochote utakachoingia na kitabu cha namna hii, habari yenyewe imekwisha kuingia kabla yako.

Sisemi kila mzazi aliyewahi kushika fimbo ni sawa na mama wa Pelzer. Ninachosema ni kwamba methali zetu zimefanya kazi ya uwakili kwa muda mrefu mno. Mchelea mwana kulia hulia yeye, tunasema, na mjadala unafungwa, bila kuuliza mwana alilia kwa nini na alilia mpaka lini. Kitabu kilichonisaidia kufikiri jambo hili ni Heavy cha Kiese Laymon, kilichotoka mwaka 2018. Laymon alikulia Jackson, Mississippi, akilelewa na mama msomi, mwalimu wa chuo kikuu, aliyempiga vibaya kwa kuamini kwamba kijana Mweusi asiyekuwa mkamilifu atauawa na nchi yake. Kitabu kizima kinazungumza na mama huyo ana kwa ana. Hakimkani, hakimwachilii. Upendo na mkanda viko katika mkono uleule, na mwana aliyekwisha kuwa mtu mzima anamwomba mama yake waache kudanganyana. Ukikisoma hiki, mwisho wake andika barua moja kwa mtu aliyekulea. Si lazima uipeleke.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye, katika Dreams in a Time of War cha mwaka 2010, anasimulia mama yake alivyopigwa na mumewe akarudi kwao, kisha yeye na mdogo wake wakaambiwa na baba wamfuate huko. Anasimulia kwa utulivu mkubwa. Utulivu huo usiuchukulie kuwa jambo lilikuwa dogo.

Je, yalitokea kweli?

Swali hili litakuja, na ni swali halali. Mwaka 1995 mtu aliyejiita Binjamin Wilkomirski alichapisha kumbukumbu za utoto wake katika kambi za mauaji za Wanazi. Kitabu kilisifiwa na kutuzwa. Baadaye ikagundulika kwamba alizaliwa Uswisi kwa jina jingine, na hakupitia kambi hizo akiwa mtoto. Mchapishaji akakiondoa sokoni. Lakini tazama jambo moja: alikuwa mtoto aliyetenganishwa na mama yake na kulelewa na watu wengine. Maumivu yalikuwepo, habari ikawa ya uongo.

Kuna pia kisa kizito zaidi, ingawa si cha utoto. Alice Sebold alibakwa akiwa mwanafunzi wa chuo wa miaka 18, akaandika Lucky mwaka 1999. Hakuna mwenye sababu ya kuudharau ukatili aliofanyiwa. Ila mtu aliyehukumiwa kwa kosa hilo, akafungwa miaka 16, alisafishwa na mahakama mwaka 2021, kwa kuwa ushahidi uliomtia hatiani haukustahili kuaminiwa. Kwa hiyo tenga maswali matatu unaposoma: je, mtu huyu aliumizwa, je, ilitokea hivi hasa anavyosimulia, na je, anayetajwa ndiye? Kitabu kinaweza kuwa kweli katika la kwanza na kukosea katika la tatu.

Kumbukumbu ya mtoto hushika harufu, sauti na kitambaa, na hupoteza tarehe. Mwandishi mwaminifu atakuonyesha pale anapoyumba. Westover anaweka maelezo chini ya kurasa akisema kwamba ndugu zake wanakumbuka tukio fulani kwa namna nyingine, kwa mfano siku kaka yake mmoja alipoungua. Kwangu hilo linaongeza imani. Wazazi wake wamekipinga kitabu, na ndani yake anaeleza jinsi dada yake alivyomuunga mkono kwanza kisha akageuka. Usishangae. Katika familia za namna hii, kurudisha maneno ni bei ya kuruhusiwa kuingia nyumbani tena.

Kuhusu Pelzer, kuna ndugu yake aliyekanusha na bibi yao alitilia shaka. Lakini mwaka 2005 mdogo wake mwingine, Richard Pelzer, alitoa A Brother's Journey, akathibitisha mateso yale na kukiri kwamba yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alimsaidia mama kwa kumchongea kaka yake. Baada ya Dave kuchukuliwa na polisi, anasema, zamu ikamwangukia yeye. Nakiona kitabu hicho kuwa muhimu kuliko cha kaka yake. Wale walioita polisi mwaka 1973 walimwokoa mtoto mmoja. Mlango ukafungwa nyuma ya wengine.

Mashaka haya yote yaache kwenye vitabu. Mtoto anayekuja kukuambia kwamba fulani anamfanyia mambo hana mchapishaji wala malipo, na mara nyingi ana mengi ya kupoteza. Kuchunguza ni kazi ya polisi, daktari na mahakama. Yako ni kumsikia na kuhakikisha wamefika.

Mkisoma wengi, na kumwazima kijana

Kikundi cha kusoma kinafaa sana kwa vitabu hivi, kwa masharti machache. Tangazeni mapema kurasa zenye ukatili wa kingono, na msizisome kwa sauti. Asiulizwe mtu kama yamemkuta. Anayetoka nje ya chumba asifuatwe na maswali, afuatwe na mtu mmoja wa kukaa naye. Kinachosemwa hapo kisiingie kwenye kundi la WhatsApp. Na kwa kuwa wengine hawasomi Kiingereza, mtu mmoja asimulie sura kwa Kiswahili. Mtaona jinsi mjadala unavyobadilika shangazi na bibi wanapoweza kuingia.

Usimpe kijana kitabu ambacho hujakisoma. Kwa wa miaka kumi na minne na kuendelea, Born a Crime na cha Angelou vinafaa ukiwa karibu: mwambie kuna sura ngumu, mwonyeshe inaanzia wapi, na mwambie anaweza kuiruka. Shule nyingi za Marekani zimewahi kukizuia kitabu cha Angelou kwa sababu ya kurasa hizo. Mimi naona mtoto aliyefanyiwa jambo hilo tayari analijua. Anachokosa ni kujua kwamba linaweza kusemwa.

Kitabu kinaporudi

Ukiwaazima watu vitabu hivi, siku moja mtu atakurudishia kimoja asiondoke. Atasimama mlangoni, ataongea mambo mengine, kisha atasema. Jiandae kwa siku hiyo.

Kaa chini. Usimkumbatie kabla hajaonyesha kwamba anataka. Mwache aseme kwa mpangilio wake, hata ukivurugika. Usimuulize "kwa nini hukukimbia" wala "ulikuwa umevaa nini". Maneno matatu yanatosha kwa mwanzo: nimekusikia, nakuamini, kosa si lako. Usimletee kitabu kama mfano, wala usimwambie Angelou aliyashinda; leo ni zamu yake, si ya Angelou.

Kama ni mtoto, au ni mtu mzima anayekuambia kuhusu mtoto aliye hatarini sasa, usiahidi kutunza siri. Mwambie waziwazi utamwambia nani na kwa nini. Namba 116 ndiyo simu ya huduma kwa mtoto, Tanzania na Kenya, na kupiga ni bure. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, ambako daktari, polisi na mshauri wanapatikana mahali pamoja. Na ofisi ya halmashauri ina afisa ustawi wa jamii. Kama ubakaji umetokea karibuni, hospitali kwanza: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Asioge, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Msikae nyumbani mkisubiri fomu ya polisi au ndugu wakubaliane. Kikao cha familia cha kumaliza jambo kimyakimya kimewarudisha watoto wengi kwa wale waliowaumiza.

Kama ni mtu mzima na mambo ni ya zamani, hakuna haraka, na uamuzi ni wake. Muulize anataka nini: kusikilizwa tu, mshauri, kumkabili mtu, kwenda mahakamani, au kutofanya lolote. Usimsukume kusamehe, hata kama dini yenu ni moja na unajua aya za kumsomea. Muulize kama usiku huo ana mtu wa kukaa naye. Mwache na kitabu akikitaka. Wiki inayofuata mpigie wewe, usingoje aanze yeye.